Jinsi ya Kuandika Tathmini ya Rais Aliyeangushwa na Kashfa: Kwa Mfano wa Richard Nixon

Mtu anayeketi kuandika juu ya Richard Nixon, rais wa 37 wa Marekani na wa pekee mpaka leo aliyejiuzulu wadhifa huo, hukutana na kishawishi kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Hutaka kuchora mstari katikati ya karatasi, upande huu aweke safari ya China, upande ule aweke kashfa ya Watergate iliyomwangusha, kisha ahesabu ni upande upi umezidi. Karatasi ya namna hiyo hujaa haraka na haielezi chochote, kwa sababu inamgawa mtu mmoja kuwa wawili ambao hawakuwahi kukutana. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ambayo ni ndefu zaidi, lakini anayeifuata ataweza kuandika jambo ambalo wapenzi wa Nixon na wapinzani wake wote watalazimika kulijibu.

Liweke sawa anguko lenyewe

Andika kwanza matukio kwa tarehe, maana makosa mengi ya maandishi haya huanzia hapo. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni kusema kwamba Nixon aliondolewa na Bunge. Hakuondolewa. Kati ya tarehe 27 na 30 Julai 1974 Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi ilipitisha mashtaka matatu dhidi yake, yaani kuzuia haki isitendeke, kutumia vibaya madaraka na kulidharau Bunge, lakini kabla Baraza zima halijayapigia kura yeye alijiuzulu. Barua yake ya tarehe 9 Agosti ina sentensi moja tu, nayo imeelekezwa kwa Waziri wa Mambo ya Nje, Henry Kissinger, ambaye aliandika juu yake herufi za jina lake na saa aliyoipokea: saa 5:35 asubuhi. Tofauti hii ina uzito wake. Aliyejiuzulu kabla ya kura hajakutwa na hatia, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Septemba, mrithi wake Gerald Ford alimpa msamaha kamili kwa makosa yote ya kipindi chake chote cha urais, hivyo hapakuwa na mahakama iliyowahi kumsomea hukumu. Mabishano yote yaliyofuata juu ya jina lake yalipata nafasi kwa sababu ya pengo hilo.

Kosa la pili ni kuchanganya uvunjaji na ufichaji. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972, katika jengo la Watergate mjini Washington, mlinzi wa zamu, Frank Wills, aliona utepe wa gundi umebandikwa kwenye kitasa cha mlango ili usijifunge. Akaubandua, akidhani ni kazi ya mafundi waliousahau. Aliporudi katika mzunguko wake akakuta mwingine umebandikwa mahali pale pale, na hapo ndipo alipowapigia polisi, ambao waliwakamata watu watano ndani ya ofisi za makao makuu ya chama cha Democratic. Hakuna ushahidi uliothibitisha kwamba Nixon mwenyewe aliagiza watu hao waingie. Kilichothibitishwa ni kwamba siku sita baadaye, tarehe 23 Juni, alikubaliana na msaidizi wake mkuu, H. R. Haldeman, kwamba shirika la ujasusi la CIA litumike kuwaambia wapelelezi wa FBI waache kulichimba jambo hilo kwa kisingizio cha usalama wa taifa. Mazungumzo hayo yalinaswa na vinasa sauti alivyovifunga Nixon mwenyewe. Andika mambo hayo mawili katika sentensi mbili tofauti, wala usiyaunge kwa neno «hivyo».

Baada ya hapo kuna mambo ambayo unaweza kuyapitia kwa ufupi, kwa kuwa msomaji anayejali tayari anayafahamu: kufutwa kazi kwa mwendesha mashtaka maalumu Archibald Cox, aliyekuwa akiichunguza kashfa hiyo, tarehe 20 Oktoba 1973, jioni ambayo Mwanasheria Mkuu na naibu wake waliondoka kazini kuliko kutekeleza amri hiyo, na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 24 Julai 1974, kwa kura nane bila hata moja ya kupinga, kwamba rais hana budi kuzikabidhi kanda. Kujiuzulu kwa makamu wake, Spiro Agnew, Oktoba 1973, kulitokana na kashfa nyingine kabisa ya rushwa na ukwepaji wa kodi. Ukikutaja, kutaje hivyo.

Shika mwezi mmoja na uusome wote

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa moyo wa kazi. Badala ya kukusanya mema ya miaka mitano na nusu mahali pamoja na mabaya mahali pengine, chagua mwezi mmoja ndani ya urais huo na uandike yote yaliyotendeka ndani yake, mazuri kwa mabaya, kwa mfuatano wa siku. Kwa Nixon, mimi ningechukua Julai 1971.

Tarehe 9 ya mwezi huo Kissinger, aliyekuwa wakati huo mshauri wa usalama wa taifa, yuko Pakistani. Inatangazwa kwamba anaumwa tumbo na kwamba amepelekwa kupumzika. Kwa kweli amepanda ndege kwenda Beijing kuonana na Waziri Mkuu Zhou Enlai, katika safari ambayo hata wakuu wengi wa serikali yake mwenyewe hawakuifahamu. Tarehe 15 Nixon anatokea kwenye televisheni na kuutangazia ulimwengu kwamba atakwenda China. Atakwenda kweli, Februari 1972, na baada ya zaidi ya miaka ishirini ya nchi mbili kutotambuana, mlango utafunguka. Hakuna mwandishi makini anayeweza kulidharau jambo hilo, hasa akikumbuka kwamba Nixon alijijengea jina la kisiasa kwa kuwaandama wakomunisti.

Sasa tazama nani aliyefungua njia. Mpatanishi wa siri kati ya Washington na Beijing alikuwa rais wa Pakistani, Jenerali Yahya Khan, ambaye tangu Machi mwaka huo huo jeshi lake lilikuwa likiua raia katika Pakistani ya Mashariki, nchi iliyokuja kuwa Bangladesh. Balozi mdogo wa Marekani mjini Dhaka, Archer Blood, alikuwa amekwisha kutuma tarehe 6 Aprili waraka wa maofisa wake wa kulaani ukimya wa serikali yao. Jibu lilikuwa kumwondoa Blood katika kituo chake. Ukimya ule na safari ile vilikuwa bei na bidhaa, na mwandishi anayeisifu safari ya Beijing bila kuitaja Dhaka amemficha msomaji risiti.

Mwezi haujaisha. Juni gazeti la New York Times lilikuwa limeanza kuchapisha nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi kuhusu vita vya Vietnam, zilizotolewa na Daniel Ellsberg, na tarehe 30 Juni Mahakama ya Juu ilikataa kuzuia uchapishaji huo. Julai, Ikulu inaunda kikosi chake chenyewe cha kuziba uvujaji wa siri, na watu wake wanajiita mafundi bomba. Septemba kikosi hicho kinavunja ofisi ya daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akimtibu Ellsberg, kutafuta cha kumchafulia jina. Wawili waliopanga uvunjaji huo, E. Howard Hunt na G. Gordon Liddy, ndio waliopanga ule wa Watergate miezi tisa baadaye. Ongeza hapo kwamba mwezi huo huo wa Julai rais, akiwa amekasirishwa na maelezo ya wataalamu juu ya takwimu za ukosefu wa ajira, aliwaagiza wasaidizi wake wawahesabu Wayahudi waliomo katika idara ya takwimu za kazi.

Ukiyaweka haya katika ukurasa mmoja, utaona jambo ambalo karatasi ya safu mbili haiwezi kulionyesha. Mazoea yale yale ya kufanya mambo gizani, ya kuwazunguka mawaziri na watumishi wa serikali, ya kumwona kila asiyekuwa upande wako kuwa adui, ndiyo yaliyoleta Beijing na ndiyo yaliyoleta Watergate. Je, safari ya China ingewezekana bila usiri? Kissinger alishikilia siku zote kwamba isingewezekana, na wapo wanahistoria wanaobisha. Mwandishi si lazima alimalize swali hilo, ila lazima aliulize, maana tathmini inayolikwepa inabaki kuwa orodha ya tarehe.

Kila sifa iulize ilitoka kwa nani

Watetezi wa Nixon wana hoja nzuri wanapotaja mambo ya ndani. Shirika la Kulinda Mazingira lilianza kazi Desemba 1970 kwa pendekezo lake. Mwezi huo huo alitia saini sheria ya usalama na afya kazini, na pia sheria ya kuwarudishia watu wa Taos Pueblo, jimboni New Mexico, Ziwa la Blue Lake ambalo ni takatifu kwao. Haya ni ya kweli, na mwandishi anayeyaacha kwa kuwa yanamharibia hadithi hatendi haki.

Lakini usiyapokee mzima mzima. Chukua sheria ya maji safi ya 1972, ambayo mara nyingi huwekwa katika orodha ya mafanikio yake. Nixon alikataa kuitia saini tarehe 17 Oktoba kwa sababu ya gharama yake, dola bilioni 24, na siku iliyofuata Bunge likaipitisha kwa wingi wa theluthi mbili bila yeye. Ni sheria ya wakati wake, yake haikuwa. Kwa kila kifungu cha sifa, basi, uliza maswali mepesi: nani aliandika muswada, nani alishinikiza, na yeye alifanya nini ulipofika mezani? Kwa mazingira jibu lina sura mbili. Umma ulikuwa umejaa barabarani Aprili 1970 katika Siku ya kwanza ya Dunia, na seneta Edmund Muskie, aliyetazamiwa kuwa mpinzani wake katika uchaguzi, alikuwa amejijengea jina kwa suala hilo hilo. Nixon alisoma upepo. Kusoma upepo nako ni sehemu ya siasa, na sioni aibu kumpa mtu sifa kwa kutenda jema kwa sababu isiyo njema, mradi sababu iandikwe.

Watafute waliodhurika nje ya kashfa

Kashfa ina tabia ya kuwa taa kali inayoangaza chumba kimoja na kuiacha nyumba nzima gizani. Tangu Machi 1969 ndege za Marekani ziliishambulia Kambodia kwa siri kwa zaidi ya mwaka mmoja, huku kumbukumbu za kijeshi zikighushiwa ili Bunge na umma visijue. Jambo hilo lilipendekezwa kuwa shtaka la nne dhidi ya Nixon. Kamati ile ile iliyopitisha mashtaka matatu ililikataa kwa kura 26 dhidi ya 12. Kwa maneno mengine, kuficha uvunjaji wa ofisi moja mjini Washington kulitosha kumwangusha rais, na kuficha mabomu juu ya nchi ya watu wengine hakukutosha.

Usiandike sentensi hiyo kwa hasira, iandike na kura zake. Sababu za wajumbe zilikuwa za kisheria pia: baadhi ya viongozi wa Bunge walikuwa wamedokezwa juu ya mashambulizi, na wengine waliona kwamba kumshtaki rais kwa vita kungewashtaki marais waliomtangulia. Vivyo hivyo kwa Chile, ambako Septemba 1970 Nixon alimwagiza mkuu wa CIA amzuie mwanasiasa wa kisoshalisti Salvador Allende asishike urais. Allende aliushika, akaja kupinduliwa tarehe 11 Septemba 1973. Hapo pia tenganisha agizo la 1970, ambalo lina ushahidi wa maandishi, na mapinduzi ya 1973, ambayo yalifanywa na majenerali wa Chile wenyewe katika mazingira ambayo Marekani ilisaidia kuyatengeneza.

Wachunguze wanaolisafisha jina na wanaolipaka matope

Jina la kiongozi aliyeanguka huwa na wahudumu wake. Nixon aliishi karibu miaka ishirini baada ya kujiuzulu, akaitumia kuandika vitabu, kusafiri na kuwashauri marais waliomfuata, akijirudisha taratibu katika nafasi ya mzee wa hekima. Katika mahojiano na mtangazaji David Frost mwaka 1977 alisema kwamba rais akilitenda jambo, maana yake si kinyume cha sheria. Ninayeandika ningeinukuu kauli hiyo katika muktadha wake, kwa kuwa alikuwa akizungumzia hatua za usalama wa taifa, ingawa muktadha haumsaidii sana.

Alipozikwa Yorba Linda, jimboni California, tarehe 27 Aprili 1994, marais wote watano waliokuwa hai walihudhuria, na Bill Clinton akaomba kwamba Nixon asihukumiwe tena kwa kitu pungufu ya maisha yake yote. Ni maneno ya matanga, na matangani marehemu hasemwi vibaya. Hotuba ya mazishi ni ushahidi wa jinsi wanasiasa walivyotaka kumkumbuka siku hiyo. Usiipe kazi ya ushahidi wa alichotenda.

Msamaha wa Ford unastahili uangalifu zaidi, kwa sababu maoni juu yake yaligeuka. Mwaka 1974 wengi waliona ni funika kombe mwanaharamu apite, na Ford akashindwa uchaguzi wa 1976. Mwaka 2001 wakfu wa maktaba ya John F. Kennedy ulimpa tuzo ya ujasiri kwa kitendo kile kile, na seneta Edward Kennedy, aliyekuwa ameupinga msamaha ulipotolewa, akakiri kwamba alikosea. Mimi bado nipo upande wa waliokasirika 1974: nchi ilipata utulivu, lakini ilikosa hukumu, na palipokosekana hukumu kila mmoja alijiandikia yake. Msomaji wako anaweza kukataa hilo. Mpe tarehe zote mbili aamue.

Uliza nani anashika ufunguo wa kabati

Kabla ya Nixon, ilikuwa desturi kwamba nyaraka za rais ni mali yake binafsi. Angeweza kuondoka nazo na hata kuzichoma. Mwaka 1974 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kuzizuia za Nixon zisiharibiwe, na mwaka 1978 sheria nyingine ikazifanya nyaraka za marais wajao kuwa mali ya umma. Kati ya sheria zilizozaliwa na kashfa ile, na zilikuwa nyingi, zikiwamo za kudhibiti fedha za uchaguzi na udukuzi wa simu, mimi naiweka hii mbele, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mwandishi kufanya kazi yake.

Tazama kilichotokea pale ambapo ufunguo ulikaa kwa marafiki. Maktaba ya Nixon ilifunguliwa Yorba Linda mwaka 1990 ikiendeshwa na taasisi binafsi, na chumba chake cha Watergate kiliieleza kashfa kama njama ya maadui waliotaka kumpindua. Julai 2007 maktaba ikaingia chini ya Idara ya Nyaraka za Taifa, chumba kile kikabomolewa, na Machi 2011 kikafunguliwa upya kikiwa na kanda, nyaraka na ushuhuda wa waliohusika, licha ya upinzani mkali wa taasisi iliyokuwa na jina la rais. Jengo ni lile lile na kaburi liko pale pale nje, ila aliyelitembelea 1995 na aliyelitembelea 2012 walitoka na marais wawili tofauti.

Kanda zenyewe ni za takriban saa 3,700, zilizorekodiwa kati ya Februari 1971 na Julai 1973, nazo zimeachiwa kidogo kidogo kwa miongo. Hapa kuna mfano unaomgusa msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura 76 dhidi ya 35 kuipa Jamhuri ya Watu wa China kiti kilichokuwa cha Taiwan. Wajumbe wa Tanzania, ambao balozi wao alikuwa Salim Ahmed Salim, walishangilia na kucheza ukumbini. Kesho yake Ronald Reagan, gavana wa California wakati huo, alimpigia Nixon simu na kuwaita wajumbe hao wa Afrika nyani ambao hata kuvaa viatu hawajazoea. Nixon anasikika akicheka, na baadaye siku hiyo akaisimulia tena kwa Waziri wa Mambo ya Nje, William Rogers. Zingatia kwamba siku hizo hizo Kissinger alikuwa Beijing kwa mara ya pili, akiiandaa safari ya bosi wake kwa serikali ile ile ambayo Watanzania walikuwa wakiishangilia.

Sehemu hiyo ya mazungumzo ilikuwa imezuiwa kwa hoja ya faragha ya Reagan, na umma ukaja kuisikia mwaka 2019. Kwa hiyo, mwishoni mwa tathmini yako, andika mwaka ulipoiandika na aina ya nyaraka ulizozipitia: ulisikiliza kanda zenyewe au ulisoma nakala zilizoandikwa, na kama ni nakala, nani aliziandika. Aliyeandika 2018 juu ya Nixon na Afrika bila kuitaja simu ile hakuwa na kosa. Aliyeandika 2020 bila kuitaja, na kanda ipo wazi kwa mwenye masikio, ana la kueleza.